Ritensheni: mkopo usio na riba anaoutoa mkandarasi

Tuchukue kandarasi ya jengo la shilingi milioni 800. Mkadiriaji majenzi anapima kazi ya mwezi wa kwanza, anakuta ya milioni 100. Mkandarasi hatalipwa milioni 100. Asilimia 10 inabaki kwa mshitiri kama ritensheni, na makato yataendelea hati kwa hati mpaka yafikie asilimia 5 ya thamani ya mkataba, yaani milioni 40. Ukipiga hesabu utaona kwamba ukomo huo unafikiwa kazi ikiwa nusu tu. Viwango hubadilika kati ya mkataba na mkataba, lakini utaratibu wa 10 kwa 5 ni wa kawaida.

Nusu ya fedha hizo hurejeshwa jengo linapokabidhiwa. Nusu ya pili husubiri kipindi cha matazamio kiishe na kasoro zilizoorodheshwa ziwe zimerekebishwa. Kipindi hicho huwa miezi 6 au 12. Mikataba sanifu ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika sana kwenye barabara na madaraja yanayojengwa kwa mikopo ya kimataifa, huhesabu mwaka mmoja.

Lengo lenyewe halina ubaya. Mkandarasi aliyelipwa yote akahamia saiti nyingine ni vigumu kumrudisha aje kuziba ufa. Na mwaka mmoja una mantiki kuliko nusu mwaka, hasa kwa hali ya hewa yetu. Jengo likikabidhiwa Dodoma mwezi Mei, matazamio ya miezi 6 yanaisha Novemba, mvua haijashika, na hakuna aliyeona kama paa linavuja. Mshitiri anayekubali miezi 6 katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua anatoa fedha kabla paa halijajaribiwa.

Tatizo liko kwenye mfuko zinamokaa fedha hizo. Tuseme mkandarasi wetu alipanga faida ya asilimia 8, ambayo ni milioni 64. Milioni 40 zilizozuiwa ni zaidi ya nusu ya faida yote. Saruji, nondo na vibarua ameshavilipia, pengine kwa mkopo wa benki unaotozwa riba kila mwezi, huku fedha yake iliyo kwa mshitiri haizai hata senti moja. Kwa hiyo mkandarasi ndiye anayemkopesha mwenye jengo, na mara nyingi yeye ndiye mnyonge kati ya hao wawili.

Ukishuka kwa mkandarasi msaidizi hali ni mbaya zaidi. Aliyechimba msingi amemaliza kazi yake mwezi wa pili. Iwapo mkataba wake umefungwa kwenye tarehe za mkataba mkuu, atasubiri kuta, paa, umeme, rangi, makabidhiano, kisha mwaka wa matazamio. Jengo la miaka 2 linamfanya adai kwa takribani miaka 3, na kasoro inayochelewesha malipo yake inaweza kuwa ya bomba la choo ambalo hakuligusa. Na mkandarasi mkuu akifilisika katikati, yeye anaingia kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana.

Kwenye miradi ya umma kuna kikwazo kingine: mwaka wa fedha. Mradi uliojengwa kwa bajeti ya mwaka mmoja hudai ritensheni mwaka unaofuata, au baada ya huo. Kama fedha ziliwekwa kwenye akaunti ya amana, malipo ni suala la saini. Kama zilibaki kuwa tarakimu kwenye vitabu na fedha yenyewe ikatumika kwingine, mkandarasi anaanza kusubiri bajeti mpya. Kaunti za Kenya huonyesha amana na ritensheni kwenye hesabu zao za mwaka, na mkandarasi mjanja huzisoma hesabu hizo kabla ya kuomba kazi.

Hatari ya mkandarasi mkuu kufilisika na fedha za wengine, New Zealand iliijua kwa maumivu. Mwaka 2013 kampuni kubwa ya ujenzi, Mainzeal, ilianguka, na wakandarasi wasaidizi wakapoteza ritensheni zao. Bunge likabadili sheria mwaka 2015, na kwa mikataba iliyoingiwa kuanzia Machi 31, 2017 fedha hizo zikatakiwa kushikwa kwa niaba ya anayezidai. Kwa kuwa wengine waliendelea kuzichanganya na fedha za matumizi, marekebisho ya 2023 yakalazimisha akaunti ya benki ya pekee au dhamana, pamoja na faini inayoweza kufika dola 200,000 za nchi hiyo kwa kampuni. Hakuna kinachozuia serikali zetu kuandika kifungu kama hicho kwenye mikataba sanifu ya zabuni.

Mikataba mingi ya umma tayari inaruhusu mkandarasi, akishakabidhi kazi, kuweka dhamana ya benki na kuchukua nusu iliyobaki. Ni nafuu kwa wakubwa. Mkandarasi mdogo, wa daraja la sita au la saba, ataombwa na benki hati ya nyumba au fedha taslimu, na kwake hapo hakuna alichookoa.

Basi ndugu mkandarasi, kabla ya kusaini uliza fedha zitakaa akaunti gani, na kama wewe ni msaidizi, dai tarehe ya kurejeshewa ihesabiwe tangu ulipomaliza kazi yako. Siku matazamio yanapoisha, peleka barua yenye nakala ya cheti cha kukamilika na orodha ya kasoro ulizorekebisha, igongwe muhuri wa mapokezi.