MAUA KATIKA KOPO: BUSTANI YA ASIYE NA UA

Na Mwandishi Wetu

Wapo wasemao ya kwamba bustani ya maua ni anasa ya wenye viwanja vikubwa. Msomaji mpenzi, hayo si kweli. Toka uwanja wa Mnazi Mmoja, vuka Mtaa wa Lumumba, uingie Kariakoo. Hapo mlangoni utaona mrehani uliostawi ndani ya debe kuukuu, na juu ya roshani ya ghorofa utaona mshubiri uliopandwa katika kopo la maziwa ya unga.

Zamani nyumba ya Kariakoo haikukosa ua wa nyuma, na katika ua huo mama alipata pembe ya kupanda asumini. Siku hizi nyingi za nyumba hizo zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Ua wa nyumba umekwisha. Lakini ua la asumini halina sababu ya kwisha pamoja nao. Kinachotakiwa ni uangalifu zaidi kuliko fedha.

CHOMBO NA UDONGO

Usikimbilie kununua vyungu. Kopo, ndoo iliyopasuka au dumu lililokatwa nusu vyote vyafaa, maadamu vimeoshwa vizuri na havikuwa na sumu. Toboa matundu manne au matano chini yake; kwa plastiki tumia msumari uliopashwa moto. Mmea usiopata njia ya kutolea maji huoza mizizi, na watu wengi hudhani umekufa kwa kiu, wakazidi kuumwagilia.

Udongo wa mji wetu una mchanga mwingi, nao haushiki maji wala chakula cha mmea. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mboji. Mboji hutengenezwa nyumbani kwa maganda ya ndizi na ya mboga pamoja na majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Vifunike kwa udongo ndani ya ndoo yenye matundu, uvigeuze kila juma, na baada ya miezi michache vitakuwa vyeusi na visivyonuka. Usitie mabaki ya nyama wala samaki, kwani yatakuletea panya.

Muuza madafu naye huacha mali njiani. Makumbi yakichambuliwa nyuzi zake na kulowekwa ili yatoe chumvi, hushika unyevu vizuri sana juu ya udongo wa kopo.

MCHE USIONUNULIWA

Mwombe jirani tawi la asumini lenye urefu wa kalamu, lisilo na ua. Ondoa majani ya chini, likate chini kidogo ya kifundo, ulichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya mwezi mmoja au zaidi litakuwa na mizizi. Likisha kukua, lipe jua la kutosha, na kila limalizapo kutoa maua lipogoe, kwa sababu maua mapya hutoka katika machipukizi mapya. Hivyo hutakosa koja siku ya harusi.

Mrehani ni rahisi zaidi, kwani tawi lake hutoa mizizi hata katika gilasi ya maji. Mshubiri nao huzaa vichanga pembeni. Watenge, uwapande, wala usiwamwagilie mara kwa mara.

MAJI YASIPOTEE

Maji ya kuoshea mchele na mboga yafaa kwa maua, ila yasiwe na chumvi wala dawa ya kung'arishia nguo. Maji ya baadhi ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya ndani ya kopo mpaka majani yakaungua ncha. Mwagilia asubuhi au jioni, baada ya kuchoma kidole udongoni. Ukikuta unyevu, ngoja kesho.

Vidukari wakivamia, twanga majani ya mwarobaini, uyaloweke usiku kucha, uchuje, kisha unyunyize maji yake wakati jua limepungua.

HATARI ILIYO CHINI YA KOPO

Sasa twafika kwenye jambo lisilo la urembo, bali la uhai. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa ya dengi iliwapata watu wengi hapa Dar es Salaam. Mbu aienezaye, aitwaye Aedes, huuma mchana, nao hupenda kutaga katika maji machache yaliyotuama karibu na watu: tairi, kifuu, kopo tupu, na kile kisahani tuwekacho chini ya maua yetu. Katika joto la mji wetu, yai laweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa siku kumi hivi, pengine pungufu.

Kwa hiyo weka siku moja katika juma, tuseme Jumapili, iwe siku ya visahani. Mwaga maji yote, kisha usugue ukingo kwa brashi, kwa maana mayai hugandama ukutani na huweza kungoja miezi kadhaa katika ukavu mpaka yapate maji tena. Kisahani usichoweza kukiondoa, kijaze mchanga. Gilasi ya mrehani nayo iteketezewe maji yake kila baada ya siku mbili. Kazi hii wapewe watoto, mzazi akisimamia.

Nawe ukaaye ghorofani, funga makopo yako kwa waya imara upande wa ndani wa roshani. Chini yako wapita wachuuzi na wanafunzi, na ua zuri halifai kumwangukia mtu kichwani.

Basi leo, kabla hujatupa kopo la maziwa, litoboe chini. Kisha bisha hodi kwa jirani, uombe tawi.