Derivativu na Uchoraji wa Grafu za Polinomia: Mfano wa Maji ya Wesha

Polinomia ni usemi wa hisabati unaopatikana kwa kujumlisha vipeo vya kigeu kimoja, kila kipeo kikiwa kimezidishwa kwa namba maalumu, na daraja lake ni kipeo kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Mwanafunzi anayetakiwa kuchora grafu ya polinomia mara nyingi huandaa jedwali refu la thamani, akaweka nukta moja baada ya nyingine na kuziunganisha, ingawa jedwali hilo, hata likiwa refu kiasi gani, halimhakikishii kwamba hakuna kilele au bonde lililojificha kati ya nukta mbili. Uhakika huo hutolewa na derivativu, yaani usemi unaoeleza mwinamo wa grafu katika kila nukta yake.

Mfano mwafaka unapatikana Wesha, pwani ya magharibi ya Pemba karibu na mji wa Chake Chake, ambako mashua zinazokwenda kisiwa cha Misali huanzia safari. Huko, kama ilivyo katika mwambao wote wa Afrika Mashariki, maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa hupita wastani wa saa 6 na dakika 12, huku tofauti ya kimo siku za bamvua ikizidi mita 3. Kwa ajili ya maelezo, na ichukuliwe kwamba maji yamepwa hadi mita 0.4, kisha yanajaa kwa saa 6 hadi mita 4.0. Polinomia ya daraja la tatu inayotimiza masharti hayo ni h = (9t² − t³)/30 + 0.4, ambapo t ni saa zilizopita tangu maji kupwa na h ni kimo cha maji kwa mita.

Derivativu ya polinomia hupatikana kwa kuzidisha kila sehemu kwa kipeo chake na kukipunguza kipeo hicho kwa moja, huku namba isiyo na kigeu ikitoweka kwa kuwa haibadiliki. Kwa hiyo derivativu ya h ni (18t − 3t²)/30, ambayo ni sawa na t(6 − t)/10. Usemi huu ni sifuri t ikiwa 0 au 6, na nukta hizo mbili huitwa nukta tuli, kwa sababu hapo grafu haipandi wala haishuki. Kati yake derivativu ni chanya, basi grafu inapanda; kabla ya 0 na baada ya 6 ni hasi, basi inashuka. Kwa ishara hizo peke yake imebainika kwamba 0 ni bonde na 6 ni kilele, na kwa kuwa polinomia ya daraja la tatu haiwezi kuwa na nukta tuli zaidi ya mbili, hakuna kilele kingine cha kutafutwa.

Derivativu ya derivativu, yaani derivativu ya pili, ni (6 − 2t)/10, nayo hueleza mkunjo wa grafu: ikiwa chanya grafu hukunjika kuelekea juu, ikiwa hasi hukunjika kuelekea chini. Hapa inabadilika ishara t ikiwa 3, ambapo kimo ni mita 2.2 na kasi ya kujaa imefikia upeo wake wa mita 0.9 kwa saa. Matokeo haya yanakaribiana sana na kanuni ya mabaharia ya sehemu 12, isemayo kwamba katika saa 6 maji hujaa sehemu 1, 2, 3, 3, 2 na 1, kwani katika grafu hii pia saa ya tatu na ya nne huchukua karibu nusu ya mjao wote.

Usemi wa namna hii una historia ndefu. Sharaf al-Din al-Tusi, mwanahisabati wa Uajemi aliyefariki takriban mwaka 1213, alipochunguza milinganyo ya daraja la tatu alionyesha kwamba bx² − x³ hufikia upeo x ikiwa theluthi mbili za b. Ikiwa b ni 9, jibu ni 6, saa ileile ya maji kujaa.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, si kila nukta tuli ni kilele au bonde: grafu ya x³ ina mwinamo wa sifuri x ikiwa 0, lakini inaendelea kupanda, na kwa hiyo ishara za pande zote mbili lazima zikaguliwe. Pili, bahari hupanda na kushuka bila kukoma, ilhali polinomia hii baada ya saa ya 6 hushuka bila kikomo, hivyo inafaa kwa mjao mmoja tu.

Kwa hiyo walimu wanaofundisha mada hii wawazoeze wanafunzi kutafuta kwanza nukta tuli, ishara na mkunjo, kisha ndipo wachore, kwa maana nukta tatu zilizochaguliwa kwa derivativu hueleza umbo la grafu hii kwa uhakika ambao nukta thelathini za kubahatisha haziwezi kuutoa.