Springi za Gari la Umeme

Gari la umeme la familia halina injini ichomayo petroli wala tangi la mafuta. Badala yake hubeba betri kubwa. Katika Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, betri ilikuwa na uzito wa kilo 300 hivi, nayo iliwekwa chini ya sakafu na viti. Mahali hapo pana faida: kitovu cha uzito hushuka, na gari halilali sana upande likatapo kona. Hata hivyo, mzigo huo sharti ubebwe na springi.

Kanuni ya Hooke yaeleza kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya kani iielemeayo. Ichukuliwe kuwa springi moja hubeba kilo 400, na kwamba ugumu wake ni nyutoni 20,000 kwa meta. Kani ya mzigo huo ni nyutoni 4,000 hivi. Basi springi itabonyea sentimeta 20. Mzigo ukifika kilo 500, springi ileile itabonyea sentimeta 25. Gari litakuwa limeshuka sentimeta 5, na kilicho karibu zaidi na mawe ya barabarani ni kasha la betri.

Dawa yake ni springi yenye ugumu wa nyutoni 25,000 kwa meta. Je, gari halitarusha abiria? La. Muda wa mtikisiko mmoja hutegemea uwiano wa mzigo na ugumu wa springi. Uwiano wa 400 kwa 20,000 ni sawa na wa 500 kwa 25,000. Katika hali zote mbili, mtikisiko mmoja huchukua sekunde 0.9 hivi.

Kinachozidi ni nishati. Springi ngumu ikibonyezwa kwa kiasi kilekile huhifadhi nishati zaidi, nayo shokomzoba ndiyo iimalizayo: pistoni husukuma oili kupitia matundu madogo, na nishati hugeuka joto. Shokomzoba ikichoka, gurudumu hurukaruka, tairi haishiki barabara vema, na breki hupungukiwa nguvu.

Kwa umbo, mfumo wa Leaf hauna ugeni. Mbele, kila gurudumu lina springi na shokomzoba zilizounganishwa pamoja. Nyuma, magurudumu mawili huunganishwa na boriti iwezayo kusokoteka. Ndivyo yalivyo magari mengi madogo ya petroli. Tofauti imo katika vipimo. Kwa hiyo, springi ya gari jepesi, hata ikiingia vizuri mahali pake, haifai kufungwa katika gari zito.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa springi, mawe ya mizani na saa. Wanafunzi wapime urefu na muda wa mitikisiko kumi, kisha waongeze mzigo na kupima tena.