Ganda Tupu Linalomkinga Binti Yako

Leo tunazungumza na akina mama, nyanya, shangazi na walezi wote, hapa Tudor na kwingineko. Mada yetu ni saratani ya mlango wa kizazi, chanjo ya kuizuia, na dawa mpya ambazo wataalamu wanazijaribu.

Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Aina mbili za kirusi hiki, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta takriban visa 7 katika kila 10. Kwa makadirio ya 2020, ugonjwa huu huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kwa mwaka mmoja. Miongoni mwao wamo akina mama ambao bado wana watoto wa kulea.

Chanjo inafanyaje kazi? Mama, umewahi kutazama matone ya mafuta juu ya mchuzi? Hukutana na kuungana yenyewe, bila mtu kuyashika. Ganda la nje la kirusi cha HPV nalo hujiunda lenyewe. Vipande 360 vya protini hukusanyika vitano vitano kuwa mafungu 72, kisha mafungu hayo hujifunga kuwa kijimpira kidogo mno. Ukivipanga vijimpira hivyo kwa mstari, karibu 18,000 vitaenea katika milimita moja.

Mnamo 1991, huko Australia, Jian Zhou na Ian Frazer waligundua kwamba ganda hilo linaweza kutengenezwa bila kirusi chenyewe. Katika mojawapo ya chanjo hizi, vipande vya protini hutengenezwa na hamira, ya jamii ile ile unayoumulia mahamri. Kinachopatikana ni kama dafu lililokwisha kunywewa: kwa nje ni dafu, ndani ni tupu. Mwili wa msichana ukiliona ganda hilo, hujifunza kupigana na kirusi. Lakini kwa kuwa ndani hamna mbegu ya kirusi, ganda haliwezi kuzaana wala kuleta ugonjwa.

Huenda umesikia mtaani kwamba chanjo hii inafunga kizazi. Si kweli. Tangu ilipoidhinishwa kwa mara ya kwanza, mwaka 2006, mamilioni ya wasichana wamechanjwa duniani, na wataalamu wa usalama wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani hawakupata ushahidi kwamba inaleta utasa. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwani mara nyingine matibabu yake ni kuondoa nyumba ya uzazi au kuichoma kwa miale.

Serikali ya Kenya ilizindua chanjo hii hapa Mombasa, Oktoba 2019, ikianza na wasichana wa miaka 10. Wakati huo ilikuwa dozi mbili. Baadaye utafiti wa hapa hapa Kenya, uitwao KEN SHE, ulifanywa kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Matokeo yake ya 2022 yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja kwa wasichana wengi. Anayeishi na virusi vya Ukimwi huhitaji zaidi ya moja. Muulize muuguzi ratiba ya binti yako.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa za kawaida za saratani huzunguka mwili mzima. Ni kama kupulizia dawa ya kunguni nyumba nzima, kumbe kunguni wako kwenye kitanda kimoja. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika na kuishiwa nguvu. Wataalamu wanatafuta njia ya kuipakia dawa kwenye magamba madogo ya protini, yaipeleke penye uvimbe tu. Kampuni ya Marekani iitwayo Aura Biosciences imekuwa ikijaribu dawa ya namna hiyo kwa saratani ya jicho. Dawa imeshikizwa juu ya ganda linalofanana na la HPV. Ganda hujishika kwenye seli za saratani, kisha daktari humulika taa maalumu na dawa huanza kuua seli hizo.

Hayo ni matumaini mema, lakini bado ni majaribio. Mtu akikuuzia kichupa akidai ni dawa hiyo, usinunue. Na ikiwa una mgonjwa nyumbani, asiache matibabu ya hospitali kwa kungojea dawa mpya.

Mama, kumbuka mambo haya:

1. Mpeleke binti wa miaka 10 hadi 14 achanjwe katika kituo cha afya cha serikali, kama Hospitali ya Tudor. Chanjo hailipiwi.

2. Baada ya sindano akae kwa dakika 15. Mkono ukimuuma kidogo, usiogope.

3. Chanjo inazuia, haitibu. Kwa hivyo wewe mwenyewe, ukiwa na miaka 25 au zaidi, nenda ukapimwe mlango wa kizazi, hata kama huna maumivu.

4. Ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usikae nyumbani ukiona haya. Muone daktari mapema. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika.

Mwambie na jirani yako mwenye binti. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.