Ng'ombe Aliyeshiba Hatafuti Sumu: Mimea Minne ya Kuangalia Njombe na Makambako



Leo tuzungumzie sumu. Ile ya dukani yenye picha ya fuvu mnaijua na mnaifungia kabatini. Mimi naizungumzia inayoota shambani kwako, ambayo mara nyingi unaikata mwenyewe kwa panga, unaifunga mzigo na kuimwaga kwenye hori.

Vijana wengi wa Njombe na Makambako mnafanya kilimo mchanganyiko cha biashara: ekari moja mbili za parachichi, viazi, mahindi, na nyuma ya nyumba ng'ombe wawili watatu wa maziwa au mbuzi kadhaa. Mpango mzuri. Samadi inarudi shambani na maziwa yanaleta hela ya kila siku. Ila ujue kitu kimoja. Ng'ombe wa babu alichungwa, akanusa, akachagua, akaacha asichokitaka. Ng'ombe wako wa ndani anakula ulichomletea. Na kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zinaporudi mwezi wa kumi na moja, majani yamekauka, yamepigwa na baridi au yamechomwa moto. Wakati huo chochote cha kijani kinaonekana chakula. Mlango wa sumu ni huo.

1. Majani ya mparachichi

Huu nauweka wa kwanza kwa sababu miti tunayo mingi, na wakati wa kupogoa matawi yanalundikana. Kijana wa kazi anaona majani mabichi, mbuzi anayapenda, basi anabeba.

Majani ya mparachichi yana sumu inayoitwa pesini. Inashambulia sehemu mbili: kiwele na moyo. Ng'ombe au mbuzi anayenyonyesha, ndani ya saa 24 kiwele kinavimba na kuwa kigumu, maziwa yanakuwa ya majimaji yenye mabonge, na yanaweza kupungua kwa robo tatu. Yaani aliyekuwa anatoa lita 10 anakupa lita mbili na nusu. Wengi wanakimbilia dawa ya kuingiza kwenye chuchu wakidhani ni ugonjwa wa kiwele wa kawaida. Sasa, ule wa kawaida unaletwa na bakteria; huu umeletwa na sumu, kwa hiyo dawa ya bakteria peke yake haiuondoi. Hela imekwenda, na maziwa hayajarudi.

Akila zaidi, moyo unaharibika. Utaona uvimbe chini ya shingo na kidarini, anahema kwa shida, halafu anakufa. Kwa mbuzi vipimo vinajulikana: gramu 20 za majani mabichi kwa kila kilo ya uzito zimeharibu kiwele, na gramu 30 zimeharibu moyo. Piga hesabu. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji gramu 600 tu kuharibika kiwele, na gramu 900 kufika kwenye moyo. Haijafika hata kilo moja, na tawi kubwa moja lina majani zaidi ya hayo.

Aina zenye asili ya Guatemala ndizo zinazoogopwa zaidi, na Hass, ambayo ndiyo biashara yetu, ina damu hiyo. Usidanganyike kwamba ukiyakausha yanakuwa salama. Makavu pia yana sumu. Sungura na kuku nao wasipewe. Ukipogoa, matawi yaende kwenye shimo la mboji lenye uzio, na mbuzi wasifungwe chini ya miti.

2. Kangaga

Ni ule mmea usiotoa maua, wenye majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege, na machipukizi yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga. Kitaalamu unaitwa Pteridium aquilinum. Unapenda udongo wenye tindikali, kando ya misitu na mashamba yaliyoachwa.

Moto ndio rafiki yake. Ukichoma malisho, nyasi zinaungua lakini shina lake lipo chini ya ardhi, halidhuriki. Mara nyingi linachipua kabla nyasi hazijarudi. Ng'ombe mwenye njaa anakutana na machipukizi laini, na hayo machanga ndiyo yenye sumu kali.

Sumu hii haiui kwa siku moja. Ng'ombe akila kwa wiki kadhaa, uboto wa mifupa unashindwa kutengeneza damu, anapata homa na kutokwa damu puani au kwenye kinyesi. Akila kidogo kidogo kwa muda mrefu, anapata uvimbe kwenye kibofu na kuanza kukojoa damu. Sumu hiyo hupita pia kwenye maziwa, kwa hiyo watoto wako nao wamo.

Hapa kuna mtego. Kukojoa mkojo mwekundu ni dalili pia ya ugonjwa wa kupe uitwao babesia. Kinga mkojo kwenye chupa safi inayoonyesha, uuache utulie saa chache. Wekundu ukizama chini na juu kukabaki maji ya kawaida, hiyo ni damu yenyewe, na kangaga ni mshukiwa. Mkojo wote ukibaki mwekundu au rangi ya kahawia, chembe za damu zimepasuka mwilini, na babesia ndiyo ya kufikiria kwanza, hasa kama ana homa na kupe. Kipimo hiki ni cha kumsaidia daktari wa mifugo kuanza vizuri. Hakichukui nafasi yake.

Usichome malisho yenye kangaga. Kata machipukizi mara mbili au tatu kwa mwaka, kila mwaka, mpaka shina la chini lichoke. Wala usiyatandike bandani kama malalo.

3. Viazi vya kijani

Baada ya kuchagua viazi vya soko, vinabaki vidogo, vilivyokatwa na vilivyopigwa na jua. Kulisha mabaki ya viazi si kosa. Kosa ni kulisha vilivyogeuka kijani, vilivyochipua au vilivyooza, pamoja na majani yake. Vina sumu inayoitwa solanini. Mnyama anatoa mate, anaharisha, anayumba na kukosa nguvu. Kuchemsha hakuiondoi. Hata vile vizuri, vikate vipande kabla ya kulisha, maana kiazi kizima humkaba ng'ombe kooni.

4. Lantana

Ule wa ua, wenye maua madogo ya njano, machungwa na waridi katika shada moja, na majani yanayokwaruza. Unaharibu ini. Ini likishindwa, ngozi nyeupe inaungua kwa jua. Utaona ng'ombe wa madoa sehemu nyeupe zinabanduka na nyeusi zimebaki nzima, macho ya njano, choo kigumu, hataki kula. Wanaoathirika zaidi ni wanyama wageni. Umenunua mtamba mbali, kashuka kwenye lori na njaa, umemfunga karibu na ua. Mpe majani na maji kwanza, ndipo umfunge, na umfunge mbali na ua huo.

Ukiona dalili, fanya haya

Ondoa chakula chote kwenye hori. Mweke kivulini, apumzike, awe na maji. Mpigie daktari wa mifugo na umweleze alikula nini na saa ngapi. Mmea wenyewe umwekee kwenye mfuko auone. Usimnyweshe kwa nguvu mafuta, maziwa wala magadi. Mnyama aliyelegea huyavuta mapafuni, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Maziwa yake usiyauze wala kuyanywa mpaka mtaalamu aruhusu. Kwa pesini na kangaga hakuna dawa ya kufuta sumu. Daktari anamsaidia mnyama ahimili, na kuwahi ndiyo nusu ya tiba.

Kinga iko kwenye hesabu ya majani

Unaweza kung'oa lantana yote na bado ukalisha parachichi mwezi wa tisa kwa sababu hori ni tupu. Kwa hiyo tuanzie kwenye hori.

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji chakula kikavu karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi na moja ni siku kama 150. Hiyo ni kilo 1,800 kwa ng'ombe mmoja. Robota la majani makavu lililofungwa kwa boksi la mbao lina kilo kama 15, hivyo ni karibu robota moja kila siku. Ukiwa na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na majani ya Guatemala pembezoni mwa shamba, marobota yanapungua. Kata majani ya Rhodes yakianza kutoa maua, mvua zinapoisha, na uyaweke chini ya paa.

Kama hesabu yako inaishia mwezi wa nane, una ng'ombe mmoja wa ziada. Muuze mwezi wa sita akiwa mnene, bei ikiwa nzuri. Na kijana wa kazi mpeleke shambani, mwonyeshe mimea hii minne kwa mkono. Yeye ndiye anayeshika panga.

Ufugaji mwema.