Moshi tusiouona

Hapa Bogoro, njiani kutoka Bunia kuteremka Kasenyi, nyumba nyingi zinapika kwa kuni ao makala. Moshi unaowasha macho tunaukimbia. Ule mbaya zaidi hatuuoni: vumbi laini sana, hata ukipanga chembe zake 20 hazipiti unene wa unywele mmoja. Hilo halikamatwi puani. Linashuka mpaka mwisho wa mapafu, linaingia katika damu na kufika moyoni. Kumbe si kikohozi tu! OMS ilihesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 juu ya moshi wa nyumbani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiofikisha miaka 5. Wamama, tunawaomba: kausheni kuni vizuri, pikieni nje, na mtoto wa mgongoni abaki na mtu mwingine, mbali na moto.