Kuwatambua Furu wa Ghuba ya Mwanza

Kwa mvuvi wa Mwanza, samaki wengi wadogo walio jamaa ya sato huitwa kwa jina moja: furu. Kwa mwanabiolojia, jina hilo hufunika spishi zipatazo 500 zilizopata kuishi katika Ziwa Viktoria. Je, hutofautishwaje?

Kwanza yafaa kuhakikisha kwamba samaki ni furu. Furu, kama sato, ana tundu moja la pua kila upande wa kichwa, hali sangara anayo mawili. Tena, dume la furu lililokomaa lina madoa ya manjano mfano wa mayai katika pezi la chini, karibu na mkia. Sato hana madoa hayo.

Hatua ya pili ni kuchunguza kinywa. Furu alaye samaki wenziwe ana kinywa kipana na meno yaliyochongoka. Akwanguaye miani juu ya mawe ana meno madogo yaliyosongamana katika safu nyingi. Avunjaye konokono ana taya nene ndani ya koromeo, zenye meno butu mithili ya magego. Hivyo umbo la meno hueleza chakula.

Hatua ya tatu ni rangi ya dume. Spishi mbili za miambani zinafanana mno: Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Hii ya pili ilielezwa kisayansi mwaka 1985, ikapewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Madume yote wawili yana milia myeusi, lakini nyererei ni mwekundu mgongoni, na mwenziwe ana pezi la mgongo la buluu. Majike yao ni vigumu kuyatofautisha kwa macho.

Hata hivyo rangi peke yake haitoshi, maana hufifia samaki akifa au akihifadhiwa katika spiriti. Kwa hiyo mtafiti huandika rangi samaki angali hai, kisha hupima urefu wa mwili, kichwa na jicho, na kuhesabu miiba ya mapezi na magamba.

Kazi hii si ya kujaza vitabu tu. Sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Walipoongezeka sana katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu zilitoweka, baadhi yake kabla hazijapewa jina. Kadhalika, mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi. Penye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, spishi hizo mbili za Pundamilia hukaa mbalimbali. Penye maji yenye matope ndani ya Ghuba ya Mwanza, rangi hazionekani vema, na spishi huchanganyika.

Mwalimu aliye karibu na ziwa aweza kuanza na furu wachache, rula na kioo cha kukuzia. Spishi isiyotambuliwa hutoweka pasipo mtu kujua kwamba ilikuwapo.